Mama kachagua kufuatiliwa badala ya kemo, na saratani haijulikani ilikoanzia. Aliyepitia anisaidie

BintiPangani

Wakuu, asalaam alaykum na habari za leo kwenu nyote. Naandika kwa kirefu, maana hapa anayeuliza kwa ufupi hurudishiwa maswali.

Mama yangu ana miaka 74, anaishi Pangani. Kisukari anacho siku nyingi, na figo zimeanza kuchoka. Tuliambiwa zinafanya kazi kwa kiwango cha 48. Mwaka jana aliota uvimbe juu ya mtulinga upande wa kushoto, mdogo, hauumi. Tulianza na vipimo vya TB kama ilivyo kawaida kwa uvimbe wa shingo, TB haikuonekana. Akakatwa kinyama. Majibu: saratani, aina ya adenokasinoma (ile inayoanzia kwenye chembe za tezi), na haikuanzia pale shingoni. Imetoka kwingine.

Huko kwingine ndiko hakujapatikana mpaka leo. Kapigwa CT skani ya kifua, tumbo na nyonga: kuna tezi zimevimba nyuma ya tumbo kando ya mshipa mkubwa wa damu, basi. Ini safi, mapafu safi, mifupa safi. Kameza kamera ya tumbo, kapitishwa kamera ya utumbo mpana, matiti yamepigwa picha, kizazi kimeangaliwa. Hakuna kitu. Kinyama kikapimwa kwa zile rangi za maabara: CK7 imeshika, CK20 haikushika, rangi ya mapafu haikushika, ya matiti haikushika. Daktari akasema majibu hayo yanapunguza orodha lakini hayatoi jina.

Akatuwekea njia mbili. Ya kwanza ni kemo ya dawa mbili, carboplatin na paclitaxel, kila baada ya wiki tatu, mizunguko sita. Ya pili ni kumfuatilia kwa karibu na kumtibu pale ugonjwa utakapoanza kumsumbua. Hakutuficha. Alisema saratani ya namna hii ikishasambaa bila chanzo kujulikana, kemo haiiondoi. Inaweza kuipunguza na kuongeza muda. Wagonjwa ambao bado wana nguvu na kipimo chao cha damu cha LDH ni cha kawaida, kama mama, wastani wao ni karibu mwaka mmoja, wengine huvuka mbali, wengine hawafiki. Wasio na nguvu na LDH ikiwa juu, wastani ni miezi kama minne. Kwa mama hasa, kemo itaongeza nini, alisema hawezi kuapa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: hizo dawa zinafanya nini mikononi? Akajibiwa kwamba paclitaxel hutia ganzi vidoleni na miguuni, na kwa mwenye kisukari ganzi huja mapema na inaweza isiondoke. Mama yangu anasuka ukili. Mikeka yake inalaliwa nyumba nyingi za huku, na hata sasa nikimpigia simu mchana namkuta ukindu uko mkononi. Akasema: "Mimi sasa hivi siumwi. Nala, nalala, nasali kwa kusimama. Nifuatilieni. Nikianza kuumwa tutazungumza."

Mimi niko naye, ila nyumbani hakukaliki. Kaka yangu yuko Muscat, anasema pesa ipo, apelekwe India, haiwezekani mama akae na saratani bila dawa. Shangazi kasema mbele za watu kwamba tumemtelekeza. Neno hilo limenikaa kifuani.

Naomba kujua: uamuzi huu upo kitabibu kweli, au daktari alitupa heshima tu kwa ajili ya umri wa mama? Kwa waliofuatiliwa, kinafuatiliwa nini hasa? Na ikikua, kemo tutaikuta bado ipo, au ndiyo tumeshachelewa?

MuuguziTibaShufaa

Binti, pole. Na mpe mama salamu, swali lake la mikono ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia kliniki.

Uamuzi upo. Ila una sharti, nami nitakuwa mkali kidogo hapa: kabla ya kusema tunafuatilia, muwe na hakika kwamba ugonjwa huu si katika zile aina zenye dawa yake. Katika kundi hili la saratani zisizojulikana chanzo, wagonjwa kama 15 hadi 20 kwa kila 100 wana aina inayotibika vizuri zaidi, na hao kuwaacha bila tiba ni kosa. Mwanamke mwenye adenokasinoma kwenye tezi za kwapa hutibiwa kama mwenye saratani ya matiti hata kama titi halionyeshi kitu. Mwenye ugonjwa kwenye utando wa tumbo, na kipimo cha damu cha CA 125 kiko juu, hutibiwa kama wa ovari. Mwanaume mwenye mifupa iliyoguswa na kipimo cha damu cha PSA kilicho juu hutibiwa kama wa tezi dume, tena kwa dawa za homoni, wala si kemo. Kijana mwenye uvimbe katikati ya kifua au nyuma ya tumbo anaweza kuwa na saratani ya mbegu za uzazi iliyoota nje ya korodani, na hiyo mara nyingi kemo huiponya.

Kwa maelezo yako mama haonekani kuwa humo, lakini ulizeni mambo haya yote kwa mdomo. CA 125 ilipimwa? Rangi za kromogranini na sinaptofizini zilipakwa? Hizo ndizo zinazoonyesha saratani ya nyuroendokrini, yaani ya chembe zinazotoa homoni, ambayo mara nyingi huenda polepole na ina njia yake. Kwapa zilishikwa kwa mkono au ziliangaliwa kwenye picha tu?

Jingine ni hili. Kinyama cha mama hakijatupwa. Maabara hukihifadhi ndani ya vipande vya nta, na vipande hivyo vinaweza kusomwa upya na mtaalamu mwingine bila mama kutoka kitandani kwake. Kama kaka ana pesa na ana uchungu wa kufanya kitu, mwelekezeni huko kwanza. Nta ipande ndege, mama abaki na ukili wake.

MamaSwafiya_Msa

Dadangu BintiPangani, mimi ni wa Mombasa, na nitasema kinyume kidogo, usinichukie.

Mume wangu naye alianza na uvimbe wa shingo, na sisi tukaambiwa chanzo hakionekani. Yake ilikuwa ile aina ya skwamasi, si adenokasinoma, na ilikuwa juu chini ya taya, si kwenye mtulinga. Wapo ndugu waliosema mwacheni, mzee ashakula chumvi. Nikakataa. Daktari wa masikio, pua na koo akamtoa tonsili zote mbili, na katika moja wakakuta saratani ndogo mno ambayo hakuna picha iliyoiona. Akapigwa mionzi wiki saba, kila siku ya kazi, tumepanga chumba Nairobi. Mate yalimkauka, mpaka leo hawezi kula chapati bila mchuzi. Lakini yupo. Asubuhi hii amekwenda Kongowea sokoni.

Najua ya mama si hiyo. Ninachokuambia ni kwamba neno kufuatilia lina watu wawili ndani yake. Kuna familia zinasema tumeamua kufuatilia, na kweli wana tarehe ya kliniki, wana faili, wana namba ya daktari. Na kuna familia zinasema vivyo hivyo, kumbe zimeamua kutorudi hospitali. Shangazi yako huenda amewaona wengi wa hao wa pili. Mwonyeshe tarehe.

BintiPangani

Mama Swafiya, sikuchukii hata kidogo, na maneno yako nimemsomea mdogo wangu. Ahsante. Allah amzidishie afya mzee.

Muuguzi, maswali yako nimeyaandika, tuna kliniki wiki ijayo. Kaka ametuma ujumbe wa sauti, anasema kuna vipimo vya vinasaba siku hizi vinavyoonyesha dawa gani imfae mgonjwa hata kama chanzo hakijulikani. Kuna anayejua?

RegistraWaKansa

Vipo, na kaka yako hakosei kuuliza. Kuna utafiti mkubwa uitwao CUPISCO, ulichapishwa 2024 kwenye jarida la The Lancet. Wagonjwa wa aina ya mama walioshapata mizunguko mitatu ya kemo, na ugonjwa ukawa umetulia au umepungua, waligawanywa: wengine wakaendelea na kemo, wengine wakapewa dawa kulingana na vinasaba vya uvimbe wao. Muda wa kati kabla ugonjwa haujaanza kukua tena ulikuwa miezi 6.1 kwa waliofuata vinasaba, na 4.4 kwa waliobaki na kemo. Ni hatua ya kweli, lakini mwambie kaka azisome namba zenyewe, na azingatie kwamba wote hao walianza na kemo. Pia kinasaba kikionekana, dawa yake mara nyingi ni ghali sana na hapa kwetu huenda isiwepo.

Kama mtarudisha vipande vya nta kusomwa upya, ombeni katika safari hiyo hiyo vipimwe MSI na TMB pia, yaani vipimo vya makosa yaliyomo kwenye vinasaba vya uvimbe. Hivyo viwili vikitoka juu, kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo hazitii ganzi vidoleni kama paclitaxel. Jambo hilo linaweza kubadilisha hesabu ya mama, kwa hiyo lafaa kujulikana mapema kuliko baadaye.

Kuhusu kisukari: kabla ya paclitaxel mgonjwa hupewa deksamethasoni ili mwili usipate mzio, na deksamethasoni hupandisha sukari. Siku akikubali kemo, mpango wa sukari uandikwe kabla ya dripu ya kwanza. Carboplatin nayo dozi yake hukokotolewa kwa uwezo wa figo, hivyo hiyo 48 ipimwe upya kila mzunguko.

MzeeWaNyakato

Nimekaa nikisoma kimya. Sasa niseme, kwa kuwa hapa wote mnazungumza juu ya mgonjwa, na mgonjwa mimi nipo.

Nina miaka 66, naishi Mwanza, zamani nilikuwa mpima ardhi. Mwaka 2018 nilipigwa ultrasaundi kwa ajili ya mawe ya nyongo, wakakuta madoa kwenye ini. Kinyama kikasema nyuroendokrini, Ki-67 asilimia 2, maana yake chembe zinazogawanyika ni chache mno. Ilikoanzia hawajapaona mpaka leo. Wanahisi utumbo mdogo, wanahisi kongosho, wanahisi tu.

Binti, ugonjwa wangu ni mpole kuliko wa mama, usichukue miaka yangu ukamhesabia yeye. Lakini kukaa na saratani bila dawa nakujua, na hicho ndicho naweza kukupa.

Miaka ya mwanzo sikupewa kitu. Nilipigwa CT kila miezi sita, damu, mkojo, naenda nyumbani. Watu wakiniuliza umeanza dawa, nikisema bado, wananitazama kama nimefukuzwa hospitali. Mke wangu ilimuumiza kuliko mimi. Kilichotusaidia ni kwamba daktari alituandikia kwenye karatasi mambo ambayo yakitokea tunabadilisha njia, na karatasi ile ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mwaka 2021 mawili kati ya yale yalitokea: doa moja likakua, na nikaanza kuharisha huku uso unawaka moto bila sababu. Nikaanzishwa sindano ya octreotide kila wiki nne. Naendelea nayo. Kuna utafiti wa 2014 wa dawa ndugu yake, lanreotide, kwa watu 204 wenye ugonjwa wa jamii yangu, wakiwemo wasiojulikana chanzo, na ulionyesha kwamba sindano huchelewesha ukuaji. Wengi wa watu hao ugonjwa ulikuwa umetulia hata kabla ya kudungwa. Mimi nilipoyasoma hayo nililala usingizi mzuri.

Sasa mambo ya mikono, kwa kuwa nilikuwa mpimaji. Skani zote ombeni kwenye CD, msiridhike na karatasi. Pigeni mashine ile ile ikiwezekana. Na kila picha mpya ilinganishwe na ya mwisho na pia na ya KWANZA kabisa. Uvimbe unaokua milimita mbili mbili, ukilinganisha na wa juzi kila mara, kila mara utaambiwa hakuna badiliko. Kwenye ardhi mpaka husogezwa hivyo hivyo mpaka jirani anakuwa kwako. Uzito mimi napima kila Ijumaa kabla ya chai, naandika.

Wiki ya kusubiri majibu ya skani ni ngumu. Haizoeleki. Siku hizo mama asiachwe peke yake, hata akisema yuko sawa.

MuuguziTibaShufaa

Mzee wa Nyakato, shikamoo. Hilo la picha ya kwanza naomba kila mtu hapa alinakili.

Binti, sikuwa nimejibu swali lako la mwisho, na ndilo zito. Ikikua, kemo ipo? Kwa kawaida ipo, ilimradi mgonjwa bado ana nguvu. Hatari ya kufuatilia haiko kwenye uvimbe kuongezeka sentimita moja. Hatari ni mgonjwa kudhoofika haraka, akafika mahali mwili hauwezi kubeba kemo hata kama sasa anaitaka. Hilo mama alijue kabla, aambiwe wazi na daktari, si kwa kupitia ninyi. Akijua na bado akasema nifuatilieni, basi ni neno lake na mtu asimsumbue.

Kwa aina ya mama, miezi sita kati ya skani ni mirefu. Mimi naona wagonjwa wa namna yake wakipangiwa kliniki kila wiki sita hadi nane na CT karibu na miezi mitatu, halafu nafasi inaongezwa picha zikitulia. Kila kliniki: uzito, damu, LDH, kalsiamu, na kreatinini inayoonyesha hali ya figo. Kabla ya CT ya kudungwa dawa mshipani, figo zipimwe siku za karibu, anywe maji, na kama anameza metformin, dawa ya kisukari, waulizeni kama aisimamishe kwa siku chache. Asijisimamishie mwenyewe.

Yapo mambo yasiyosubiri kliniki. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au mkojo kugoma: siku hiyo hiyo hospitali, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na saa zina maana. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla: adenokasinoma hugandisha damu. Macho kuwa ya manjano. Kiu kali na kuchanganyikiwa kusikoeleweka kwa sukari, huenda kalsiamu imepanda. Andikeni, bandikeni kama Mzee alivyofanya.

Na msinisubiri mimi, yaani tiba shufaa, tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, mpaka siku za mwisho. Watu wengi wanatuita tukiwa wa kusoma dua tu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliounganishwa na tiba shufaa mapema pamoja na matibabu yao waliishi wastani wa miezi 11.6, wenzao 8.9, ingawa walipata matibabu makali machache zaidi karibu na mwisho. Ni mapafu, si ugonjwa wa mama, lakini kliniki yetu ndiyo inayofanya kufuatilia kuwe matibabu. Maumivu yakija kuna morfini ya maji ya kunywa. Msiiogope. Wenzetu Uganda wamekuwa wakiitoa majumbani tangu hospisi ya Kampala ilipoanzishwa na Dkt. Anne Merriman 1993, na tangu 2004 hata wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Ipewe pamoja na dawa ya kulainisha choo, hilo husahaulika sana.

BintiPangani

Tumerudi kutoka kliniki. Naweka hapa kwa faida ya atakayekuja kutafuta.

CA 125 ni ya kawaida. Rangi za nyuroendokrini zilipakwa tangu mwanzo, hazikushika. Kwapa daktari alizishika upya mbele yangu, hakuna kitu. Vipande vya nta vimeombwa; kaka amesema gharama zote ni juu yake, vikasomwe upya na MSI na TMB vipimwe. Sauti yake imebadilika tangu alipopata kazi ya kufanya. India haijatajwa tena, ila amesema majibu yakionyesha dawa ataitaja, nami nimemwambia nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Daktari alimweleza mama mwenyewe lile la kudhoofika, taratibu, mara mbili. Mama akamwuliza: nikibadili mawazo mwezi ujao utanikasirikia? Akajibiwa hapana, na imeandikwa kwenye faili kwamba ataulizwa tena kila kliniki. Akasema basi andika nifuatilieni. Kliniki ni kila wiki sita, CT ya miezi mitatu imeshapewa tarehe, na kaka amekata tiketi ya kuja wiki ile.

Shangazi mama alimpigia simu mwenyewe. Sijui walichozungumza, nilitoka nje. Kesho yake alikuja na samaki, akaomba aonyeshwe karatasi ya dalili za hatari, nikamsomea yote, maana ndiye anayekaa naye karibu ninapokuwa kazini Tanga. Ametaka namba ya bajaji ya usiku iandikwe chini yake. Imeandikwa.

Muuguzi, nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu nani anatoa morfini upande huu wa Tanga. Mama hana maumivu leo, nataka kujua kabla.